Mama Aliyefupika Njiani

Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Kibanda changu kiko Mwanga, karibu na soko, katikati ya duka la vyombo vya plastiki na fundi cherehani, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia watu wasitikisike. Usicheke. Inua kidevu. Masikio yaonekane. Mtu akipepesa macho namkaripia, hata kama ni mzee wa heshima zake, halafu namwomba radhi, halafu namkaripia tena. Sina subira, na wateja wangu wanalijua hilo. Kwa hiyo siku nilipotangaza kwamba naingia kwenye sanaa ambayo ndani yake hamna kitu kingine ila subira, fundi cherehani jirani yangu alicheka mpaka akadondosha pini zote alizokuwa amezibana mdomoni.

Sanaa yenyewe ni katuni za picha moja moja. Unatengeneza mwanasesere, unampiga picha, unamsogeza kidogo, unampiga tena, unamsogeza tena. Ukishapiga picha hadi mgongo umekufa ganzi, unazikimbiza kwenye kompyuta, na yule mwanasesere anatembea. Dada mmoja mchoraji alikuja kutoka Dar es Salaam akatufundisha wanawake wachache wa mjini, kwenye chumba cha mikutano cha kuazima. Alitaka kila kikundi kitengeneze filamu fupi juu ya utoto wetu, sisi tuliokuwa wasichana, na mwishoni zote zionyeshwe ukumbini mbele ya akina mama wa mji. Sharti lake lilikuwa moja. Mtu aliye hai, ukitaka kumtia kwenye filamu yako, muombe ruhusa, na akikataa umtoe bila ubishi.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Mimi nilishika kamera. Fundi alishika nguo, maana hakuna mwingine Mwanga nzima anayeweza kushona gauni la kuenea kidole gumba. Wa tatu alikuwa mchora mabango, dada mrefu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Burundi yeye akiwa bado mgongoni. Vile vichwa vya wanawake vilivyochorwa kwenye kuta za saluni zetu, nusu yake ni kazi ya mkono wake. Utavijua tu: vyote vina shingo ndefu na jicho moja limelizidi jingine. Ukimwuliza sababu, anasema mwanamke akiwa saluni ndivyo anavyotazama, jicho moja kwenye kioo, jingine kwa anayesukwa kiti cha pili.

Hadithi tuliibishania siku nzima. Fundi alitaka filamu ya viatu vyake vya kwanza vya shule, ambavyo alikuwa akivibeba mkononi kwenda na kurudi ili visichakae, mpaka miguu ikavizidi kabla hajavivaa. Mchora mabango alitaka ya bata mzinga aliyekuwa akimvizia kila asubuhi njia ya kisimani. Zote mbili zilikuwa hadithi nzuri. Lakini mimi nilipandisha sauti, nikagonga meza, nikasema itatengenezwa yangu au nakusanya taa yangu na kamera yangu naondoka. Tulikuwa kwenye kibanda changu, kwa hiyo sijui ningeondoka kwenda wapi. Wakatazamana.

"Haya, mwenye taa," akasema fundi. "Tuambie."

Nikawaambia habari ya rede. Hawakuhitaji maelezo, maana hakuna msichana aliyekulia huku asiyeijua, lakini niliwaeleza hivyo hivyo. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi kuukuu. Wewe uko katikati, unakwepa, na kila ukipata upenyo unainama, unachota mchanga, unajaza chupa. Ukigongwa umekufa, unatoka. Ukiijaza chupa mpaka mdomoni, umeshinda, na mtaa mzima wa wasichana unakuwa wako mpaka kesho yake. Na mimi nilikuwa sigongeki. Nasema hivi bila aibu kwa sababu sijawahi tena kuwa hodari wa jambo lolote kwa kiasi kile.

Jumamosi moja, kwetu Ujiji, nilikuwa katikati kwa muda mrefu kuliko wakati wowote maishani mwangu. Warushaji walikuwa wamechoka hadi wanarusha huku wanalalamika. Chupa ilikuwa imebakiza kama ujazo wa kiganja kimoja tu. Mara mama akatokea, akanivisha kanga mwili mzima, akanishika mkono akanipeleka nyumbani. Hakusema neno. Chumbani alikuwa ananingoja shangazi yangu, dada yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, na ndipo nikaambiwa kwamba nimevunja ungo. Kwetu habari hiyo ni ya shangazi. Yeye ndiye mwenye kumchukua msichana, kumweka ndani siku kadhaa na kumfunda, na akitoka huko hachezi tena barabarani. Nilipotoka nilikuwa nimefundwa barabara, na rede ikawa imekwisha.

Kukua sikukulalamikia, kila mtu anakua. Kilichonikaa rohoni ni kile kiganja kimoja cha mchanga. Angengoja tu. Angesimama pembeni, nikajaza, nikashinda, halafu anichukue, hata kwa kunibeba begani kama angependa. Kwa nini hakuniacha nijaze? Nilizeeka na swali hilo, na sikuwahi kumwuliza, kwa sababu mama yangu haulizwi. Yeye ndiye anayeuliza.

"Kwa hiyo filamu nzima ni ya kumsuta mama yako," akasema mchora mabango.

"Ni ya sanaa," nikamjibu kwa ukali.

Tukaanza kazi. Udongo tuliupata kwa shangazi wa fundi, mfinyanzi wa kule Simbo, tukafinyanga wasichana kwa furaha kubwa, na kesho yake asubuhi tukawakuta wamekauka na kupasuka. Kila tuliyemwinamisha achote mchanga alivunjika kiuno. Tukafanya matengenezo, wakavunjika magoti. Rede ya watu waliovunjika viuno na magoti haina mvuto. Nikaanza kufoka, fundi akaanza kuimba ili asinisikie, na mchora mabango akatoka bila kuaga. Alirudi na chupa ya mawese.

"Tuukande kwa mafuta," akasema. "Hautakauka."

Na kweli haukukauka. Udongo uliokandwa kwa mawese ulikuwa laini, ukatii kila tulichoutaka, wasichana wakainama na kuinuka bila manung'uniko. Walikuwa wa rangi ya chungwa, sawa, lakini tulikubaliana kwamba ni mwanga wa jioni. Tulijiona tumevumbua kitu ambacho hata huko Dar es Salaam hawakijui. Tukapiga picha mpaka alasiri, tukazikimbiza kwenye kompyuta, na hapo ndipo tulipoona ngozi za wasichana wetu zinatembea zenyewe. Walikuwa sisimizi. Wakati sisi tumekazana kutazama mikono na miguu, wao walikuwa wamepanda kwa wingi kufuata mafuta, na kwenye filamu walionekana kama ugonjwa fulani wa kutisha unaompata mtoto akicheza bila ruhusa. Fundi alisema kuna akina mama watakaolipenda hilo.

Sisimizi tuliwamaliza kwa majivu. Harufu ndiyo iliyotushinda. Taa yangu ya studio ina joto, na mawese yakipata joto yananukia chakula, basi kuanzia saa sita mchana kibanda changu kilikuwa kinanuka mlo wa sikukuu. Mama wa duka la vyombo vya plastiki alikuwa akija kila siku na sahani mpya kabisa kutoka dukani kwake, anachungulia pazia.

"Leo mboga gani, jamani?"

"Hatupiki, mama. Tunatengeneza filamu."

"Ndiyo, ndiyo. Ikiiva mniite."

Halafu kulikuwa na suala la watazamaji. Rede haichezwi bila watoto wa kushangilia, na udongo uliobaki ulimtosha mama peke yake. Fundi ndiye aliyetoa wazo la dagaa. Alitetea hoja yake kama wakili: dagaa ni wengi, wana macho tayari, na wakichomekwa mkia kwenye mchanga wanasimama wima wenyewe. Akawashonea sketi. Nakwambia, hakuna kitu kilichowahi kunichekesha kuliko safu ile ya dagaa wakavu wamevaa sketi za vitenge, midomo wazi, wanashangilia. Hata mimi nilicheka hadi machozi, nikatikisa kamera, tukaanza upya.

Paka wa sokoni alituingilia tulipokwenda kunywa chai. Hakula wote. Alichagua. Tuliporudi tulikuta sketi zimetapakaa mchangani bila wenyewe, na waliobaki bado wanashangilia. Tulipozikimbiza picha, watazamaji walikuwa wengi mwanzo wa mchezo, kisha ghafla wachache. Mchora mabango alitazama kwa makini, akasema inafaa, ndivyo watoto wanavyoitwa majumbani mmoja mmoja jua likizama. Tukaiacha hivyo hivyo.

Akabaki mama. Nilimfinyanga mwenyewe, kwa mikono yangu, na kwa nia mbaya. Nilimpa nyusi zilizokutana, mdomo uliobanwa, mikono mirefu ya kukamatia. Fundi alimfunga kanga. Tukamtoa mlangoni na kumleta uwanjani, picha baada ya picha, moja kwa moja, haraka haraka, mpaka akamfikia msichana na kumfunika. Kazi ya siku nzima. Tukakaa tukatazama.

Mama alitoka mlangoni mrefu, mkali, wa kuogopwa. Akafika katikati ya uwanja akiwa wa kadiri. Akamfikia mwanawe akiwa mfupi kuliko huyo mwanawe, tumbo limemwagika juu ya miguu, na ule mdomo uliobanwa umeteremka mpaka kifuani. Taa ilikuwa imemlainisha muda wote ule, kidogo kidogo, na sisi tulikuwa tunatazama miguu tu. Mtu mkali ametoka nyumbani kwenda kumkamata mtoto, na amefika akiwa kibonge cha kusikitisha kinachohitaji kukamatwa chenyewe. Hatukuwa na mbavu. Fundi alilala sakafuni. Mama wa vyombo alipochungulia na sahani yake, tulishindwa hata kumjibu.

Tukakubaliana kumfinyanga upya, safari hii na vijiti vya chelewa miguuni ili asimame. Lakini kwanza kulikuwa na ile ruhusa, ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa kila kisingizio. Mwalimu wetu alitaka kuona kazi zetu wiki ileile. Nikaenda Ujiji.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Mama yangu kwao ni Kalinzi, juu kule kwenye kahawa, aliolewa akateremka Ujiji, na mpaka leo akikasirika Kiha ndicho kinachotangulia. Nilimwamkia, nikakaa, nikachambua maharage kwa bidii isiyokuwa ya kawaida yangu. Akanitazama.

"Una shida gani?"

"Tunatengeneza katuni, mama. Za wanasesere. Nataka kukutia humo."

"Mimi? Kwenye katuni? Nafanya nini humo?"

"Unapita tu."

"Napita naenda wapi?"

"Unakuja kunichukua kwenye rede. Ile siku."

Alikuwa ameshika punje moja ya maharage. Aliigeuza, akaitazama huku na huku, akaitupa kwenye mabovu, na mimi niliona wazi kwamba ilikuwa nzima.

"Nitakuja nijione kwanza," akasema.

Alikuja kesho yake kwa bajaji, amevaa baibui la kwendea harusini na amepaka wanja. Sijui nilimwelezaje mpaka akaelewa kwamba atapigwa picha yeye. Wenzangu walimpokea kwa shikamoo za unyenyekevu, wakampa kiti kizuri, kile cha wateja wa pasipoti. Akakaa ameinua kidevu, masikio yanaonekana. Nikawa sina njia ila kumwonyesha tulichokuwa nacho, yaani mama wa zamani, yule aliyeyeyuka.

Aliwatazama dagaa wakishangilia. Alimtazama msichana akikwepa mpira, na hapo nikaona pembe ya mdomo wake inacheza kidogo. Kisha mlango ukafunguka kwenye filamu, mama akatoka, akaanza kufupika.

"Huyu ni nani?"

Fundi alianza kutafuta kitu chini ya meza.

"Nauliza, huyu ni nani? Anayetoka nyumbani mtu mzima akafika kwa mwanawe amekuwa kibuyu?"

"Yampayinka, mama, ni joto la taa tu," akasema mchora mabango, akishtuka kwa lugha ya kwao. "Tutakufanya mwingine. Mzuri."

"Oya, hapana. Simo. Mnitoe." Akasimama, akajikung'uta baibui kama mtu aliyekalia makombo. "Nyusi zimekutana, makalio sina, nakimbia barabarani kama mwizi wa kuku. Mkawaonyeshe watu wa Ujiji wanaonijua? Mwana wanje, mwanangu, umenichukia lini?"

Ningenyamaza, na ningekuwa nimefanya jambo la busara. Filamu ingekufa hapo, tungetengeneza ya bata mzinga, dunia ingeendelea. Lakini nimeshasema kwamba sina subira, na ile subira ndogo niliyojaliwa nilikuwa nimeimaliza kwa dagaa.

"Basi niambie kwa nini hukuniacha nijaze!" nikasema, na sauti yangu ikatoka ya kitoto kabisa, ya msichana wa miaka ile. "Kilibaki kiganja kimoja, mama! Kimoja! Ungengoja tu!"

Mchora mabango aligeukia ukuta, akawa anausoma. Nilijua nimevuka mpaka, nikasubiri Kiha kitangulie tena. Hakikutangulia. Mama aliitazama tena ile kompyuta, akairudisha filamu mwanzo kwa kidole, maana alikuwa ameniona nikifanya hivyo, akatazama mlango ukifunguka.

"Kwanza hamkuweka ukuta," akasema.

"Ukuta gani?"

"Wa jirani. Pale penye pembe. Mimi sikutoka mbio namna hii. Mimi nilisimama pale." Akakaa tena. "Asubuhi ile nilipotandika kitanda chako niliona shuka. Nikajua. Nikalifua upesi kabla shangazi yako hajaamka. Alasiri akaniuliza, yuko wapi huyu mtoto, mbona naona shuka moja kwenye kamba? Nikamwambia nimekutuma Mwanga kununua sukari."

"Hukunituma."

"Sikukutuma. Sukari ilikuwamo ndani, nimeificha uvunguni." Akacheka kidogo peke yake. "Nilijua akikushika, mchezo umekwisha. Nikasema, acha acheze leo. Leo tu. Nikaenda kusimama penye ukuta, kanga mkononi, nikutazame na niitazame njia. Nilikaa pale mpaka miguu ikavimba. Nilikuwa naomba ujaze. Kila ulipoinama nasema, haya, haya, chota. Wewe na maringo yako, unakwepa kwanza unawacheka watu, ndipo unachota!"

"Sasa ikawaje?"

"Shangazi yako akatoka. Nilisikia kikohozi chake. Angekuita kwa sauti, mtaa mzima ukajua habari yako pale pale, wakati wewe mwenyewe huijui. Nikaona bora nifike mimi kwanza. Niliona kwamba kilibaki kiganja. Ulidhani sikuona? Nililia mimi, usiku, kwa ajili ya chupa ya mchanga. Baba yako alidhani nimefiwa."

Sijui nilikuwa na uso wa namna gani. Najua fundi alinipa kipande cha kitambaa, na kilikuwa na pini. Miaka yote ile nilikuwa nimembeba mama mmoja moyoni, na kumbe hakuwahi kuwapo. Nilitaka kumwambia jambo zuri, jambo la kustahili. Nilichosema ni, "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" akasema mama.

Basi akavua baibui, akakunja mikono ya gauni, na kuanzia hapo kikundi chetu kikawa na watu wanne na mkubwa mmoja. Alimkanda mama mpya yeye mwenyewe. Nyusi alizitenganisha. Makalio alimwagiza mchora mabango, kwa kuwa ndiye mwenye mkono wa sanaa.

"Ongeza."

"Hivi, mama?"

"Wewe ulikuwapo? Ongeza."

Mchora mabango aliongeza mpaka ikabidi tuongeze na kijiti kingine cha chelewa ili mama asianguke chali. Kanga ilifunguliwa na kufungwa upya, mara kadhaa, fundi akionyeshwa kila mkunjo kwa ukucha wa mama. Ukuta tuliujenga kwa visanduku vya kiberiti. Akabaki shangazi, ambaye Mungu amrehemu, alishatutangulia, kwa hiyo ruhusa yake haikuhitajika, na ambaye udongo wake haukuwapo. Tulimtolea mama wale dagaa waliosalia. Akawakataa, akasema shangazi hakuwa mtu mdogo. Alimtuma fundi sokoni, na fundi akarudi na mgebuka mkavu, samaki mrefu, mdomo umechongoka, jicho la lawama. Mama alimtazama kwa muda, akamfunga kanga kichwani kwa mkono wake, akacheka mpaka akashika meza.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Hata kikohozi anacho."

Nikamwuliza kama tumwache msichana aijaze chupa, kwa kuwa filamu ni yetu na tunaweza kufanya tutakavyo. Fundi alitaka ajaze. Mchora mabango pia. Mama alikataa, akasema hakujaza, na watu wasidanganywe, ila waone kwamba kulikuwa na mtu aliyemtaka ajaze. "Na hiyo ndiyo ruhusa yangu," akasema. "Msinirudie tena kuomba."

Tukaanza kupiga. Mama alimsimamisha yule mama wa udongo penye pembe ya ukuta, kanga mkononi, akarudi nyuma. Nikapiga. Nikangoja amsogeze. Hakumsogeza.

"Piga tena."

"Hajasogea, mama."

"Asogee kwenda wapi? Amesimama."

Sasa, katika kazi hii kusimama si jambo la bure. Mtu anayetembea anakupa raha, kila picha ina lake jipya. Anayesimama inabidi umpige vilevile, tena na tena, kwa uangalifu uleule, na picha zake zikipungua, watazamaji hawatajua kwamba alikuwapo. Mchora mabango akashika upande wa msichana, akawa anamsogeza yeye peke yake: anakwepa, anainama, mkono kwenye mchanga, mkono kwenye chupa, anainuka anawacheka warushaji. Nikapiga. Anakwepa, anainama. Nikapiga. Na kwenye kioo cha kamera, pembeni kabisa, kwenye kila picha, yule mama mwenye makalio makubwa yuko palepale na kanga yake, hajatikisika, ananitazama. Nikalia wazi wazi, mbele ya wenzangu, na kwa kuwa hata kulia sina subira nako, nikajifuta kwa kitambaa cha lenzi nikaendelea kupiga.

Mgongo ukaanza kuniuma. Mgebuka alikuwa tayari mlangoni, fundi amemshika mkia, anasubiri zamu yake ya kukohoa. Nikageuka.

"Basi, mama? Atoke shangazi?"

"Bado," akasema, bila kuondoa macho kwa yule msichana wa udongo. "Mwache kidogo."